Alama ya kuuliza kwenye safu ya jinsi: uchambuzi wa kisa cha Mtoto A

Mei 2009 mama mmoja alijifungua katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi. Maumbile ya nje ya mtoto hayakuwa ya kike moja kwa moja wala ya kiume moja kwa moja. Yalikuwa na dalili za pande zote mbili. Vikafuata vipimo, eksirei na skani, na kila kimoja kikawa na karatasi yake. Kwenye mojawapo ya karatasi hizo, katika safu ya jinsi, pale ambapo kwa kawaida huandikwa Me au Ke bila hata kufikiri, paliwekwa alama ya kuuliza.

Miaka ikapita bila mtoto kupata cheti cha kuzaliwa. Mama yake akafungua kesi Mahakama Kuu, Ombi nambari 266 la 2013, na mtoto akaingia kwenye kumbukumbu za sheria kwa herufi moja tu: Mtoto A. Tarehe 5 Desemba 2014 Jaji Isaac Lenaola alitoa uamuzi, na ndani yake mna amri ambayo kila msimamizi wa kumbukumbu za wagonjwa angepaswa kuisoma. Mwanasheria Mkuu alipewa siku 90 kuieleza mahakama ni chombo gani chenye jukumu la kukusanya na kutunza taarifa za watoto huntha, yaani wale ambao maumbile yao si ya kike moja kwa moja wala ya kiume moja kwa moja, na kanuni za upasuaji wao zimefikia wapi. Baada ya mawakili kusema yote waliyokuwa nayo, swali lililobaki mezani lilikuwa la mtunza kumbukumbu: data iko kwa nani?

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kana kwamba ile alama ya kuuliza ndiyo iliyomdhulumu mtoto. Tunaona vingine. Alama ile ndiyo iliyokuwa jibu la kweli kwa wakati ule: aliyeiandika hakujua, akaandika kwamba hajui. Ilichokosa ni mambo mengine: nani ameuliza, lini, kwa sababu ya dalili gani, na jibu litaandikwa wapi litakapopatikana. Hapo ndipo mfumo wa kielektroniki unapoweza kuokoa, au kuharibu zaidi ya karatasi. Kalamu inakubali "?". Skrini yenye vitufe viwili na nyota nyekundu ya "lazima ijazwe" haikubali, na mtu aliye zamu saa tisa usiku, foleni ikimsubiri, atabonyeza kimoja ili aendelee.

Majibu ya vipimo vya Mtoto A ni siri yake na hayaguswi hapa. Mifano ya kitabibu inayofuata ni ya hali za namna hii kwa jumla.

Jinsi, jinsia na huntha

Kiswahili kinatupa kianzio kizuri ambacho tunakipoteza ovyo. Tunaweza kutenganisha jinsi, yaani maumbile ya kike au ya kiume, na jinsia, yaani nafasi ambayo jamii humpa mtu na namna yeye mwenyewe anavyojitambua. Fomu nyingi za Tanzania huandika "Jinsi: Me/Ke", za Kenya mara nyingi huandika "Jinsia" huku zikiuliza jambo lile lile. Anayebuni skrini achague neno moja kwa kila swali na alishike kuanzia usajili hadi ripoti. Kwa mtoto mchanga swali la kujitambua halipo kabisa. Atakapoweza kulijibu, atalijibu mwenyewe.

Kuhusu huntha: watu wengi husema "mtu mwenye jinsia mbili", na maneno hayo hupotosha. Wengi wao hawana jinsi mbili kamili. Wana mwili ambao hatua zake za ukuaji tumboni hazikufuata njia moja, kwa mfano kromosomu zikawa upande mmoja na viungo vya nje upande mwingine. Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 inaeleza karibu hivyo hivyo: inataja mchanganyiko wa maumbile, homoni, tezi za uzazi au kromosomu, na inasema hali hiyo inaweza kuonekana kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa, utotoni, wakati wa kubalehe au ukubwani. Huo mstari wa mwisho una uzito kwa mfumo wa kumbukumbu, maana unasema jinsi iliyoandikwa siku ya kwanza inaweza kuhitaji kusahihishwa miaka kumi na mitano baadaye bila mtu yeyote kuwa amefanya uzembe.

Makubaliano ya wataalamu waliokutana Chicago, yaliyochapishwa mwaka 2006, yalitaja kasoro za viungo vya uzazi kwa takriban mtoto 1 kati ya 4,500. Hospitali inayozalisha watoto 10,000 kwa mwaka itarajie wawili hivi kila mwaka. Sensa ya Kenya ya Agosti 2019, iliyokuwa ya kwanza nchini humo kuweka nafasi yao, ilihesabu 1,524 kati ya watu 47,564,296. Tofauti kati ya viwango hivyo viwili haiwezi kupimwa moja kwa moja, kwa sababu kimoja kinahesabu yale anayoyaona daktari kwa mtoto mchanga na kingine kinahesabu yale ambayo kaya imekubali kumwambia karani wa sensa mlangoni.

Kisanduku kimoja, kazi nne

Kwenye faili la kawaida la hospitali, neno moja la Me au Ke hutumika kwa kazi nne ambazo hazina uhusiano wa lazima.

Kazi ya kwanza ni utambulisho. Mtoto mchanga hana jina. Anaitwa "Mtoto wa Fulani". Jina la mama, tarehe ya kuzaliwa na jinsi ndiyo yote yanayomtofautisha na mtoto wa kitanda jirani. Programu za kuoanisha mafaili hutumia jinsi kama mojawapo ya vigezo, kwa hiyo mtoto akiandikwa Me wodi ya wazazi na Ke wodi ya watoto wachanga mahututi, mfumo unaweza kumfungulia faili la pili. Maabara nayo ikipokea chupa ya damu yenye lebo ya Ke kwa ombi lenye Me, inaikataa, na inafanya sawa kuikataa. Kwa mtoto wa kilo tatu, kurudia kuchukua damu si jambo dogo.

Kazi ya pili ni ya sheria: kile kinachopelekwa kwenye notisi ya kuzaliwa na hatimaye kwenye cheti. Ya tatu ni ya kitabibu: chati, viwango vya kawaida vya maabara, dozi, tahadhari za programu. Ya nne ni ya takwimu: hesabu ya waliozaliwa mwezi huu, wa kike na wa kiume.

Alama ya kuuliza ilikuwa jibu sahihi kwa kazi ya tatu, kwa siku zile. Kwa kazi ya kwanza haikuwa na faida wala madhara. Kwa kazi ya pili ikawa ukuta. Kisanduku kimoja hakiwezi kubeba majibu tofauti kwa maswali tofauti, kwa hiyo jibu la swali moja likafunga mlango wa jingine. Huo ndio uchunguzi wetu mkuu katika kisa hiki, na yote yanayofuata ni kuonyesha namna ya kuutenganisha mzigo huo.

Yanayotokea "?" inapokutana na skrini

Mifumo hushughulikia alama ya kuuliza kwa njia chache, na karibu zote zina mtego.

Mfumo wenye chaguo mbili za lazima humlazimisha muuguzi akisie. Mbaya zaidi ni ule ambao tayari umechagua la kwanza kwenye orodha, kwa sababu hapo hata ukisiaji haupo. Ni ukimya unaogeuka kuwa data. Upo pia ule unaoruhusu sehemu ibaki wazi, halafu programu ya kuhamisha data upande wa pili ikaandikwa na mtu aliyefikiri hivi: kama si Ke, basi ni Me. Kila faili tupu linageuka la kiume, na hakuna anayeona kosa kwa sababu hakuna ujumbe wa hitilafu.

Halafu ipo chaguo la "Haijulikani". Hili linaonekana suluhisho, lakini linachanganya mambo mawili yaliyo mbali sana: hatukuuliza, na tumechunguza lakini bado hatujaweza kuamua. La kwanza ni kazi ya karani kufuatilia. La pili ni dharura ya daktari. Kiwango cha HL7 toleo la 2, kinachotumiwa na mifumo ya afya kutumiana ujumbe, kilitambua hilo siku nyingi: sehemu yake ya jinsi ya kiutawala ina F, M, O kwa nyingine, U kwa isiyojulikana, N kwa isiyohusika, na A kwa maumbile yasiyoweza kuamuliwa. FHIR, kiwango kipya zaidi cha HL7 kinachotumiwa na mifumo mipya, ina maneno manne tu: ya kiume, ya kike, nyingine, haijulikani. Ujumbe wenye A ukitafsiriwa kwenda FHIR huwa "nyingine", na ukirudishwa huwa O. Mtoto aliyetumwa na swali linalohitaji jibu anafika kana kwamba jibu lilikwisha kutolewa. Fundi wa kuunganisha mifumo aihifadhi A kwenye kiendelezi tofauti, aipime kwa ujumbe wa majaribio kwenda na kurudi, na asiridhike kwamba ujumbe "umepita".

Picha za eksirei na skani zina kiwango chake, DICOM, ambacho kwenye sehemu ya jinsi hukubali M, F au O, na huruhusu sehemu hiyo ibaki tupu. Kwa hiyo mashine ya ultrasaundi haina sababu ya kumkataa mtoto asiye na herufi. Ikikataa, tatizo liko kwenye mpangilio wa orodha ya kazi ya hospitali, na linaweza kurekebishwa hapo hapo.

Siku kumi na nne za kwanza

Hapa tukae kidogo, maana ndipo kumbukumbu mbaya inapoua.

Sababu mojawapo kubwa ya mtoto kuzaliwa na maumbile yasiyoeleweka ni ugonjwa wa kuzaliwa nao wa tezi za adrenali, ambao madaktari huuita CAH. Katika aina yake ya kawaida, mwili unakosa kimeng'enya cha 21-hidroksilesi. Tezi hizi, zilizo juu ya figo, zinashindwa kutengeneza kotisoli ya kutosha na mara nyingi aldosteroni pia, na malighafi inayobaki inaelekezwa kwenye homoni za kiume. Mtoto mwenye kromosomu za kike, XX, mwenye mji wa mimba na ovari, anaweza kuzaliwa na viungo vya nje vilivyoumbika kiume kiasi cha kumdanganya hata mkunga mzoefu. Huandikwa Me, na pembeni huongezwa: "korodani hazijashuka".

Anaruhusiwa baada ya saa 24 kama mtoto yeyote wa uzazi salama. Kati ya wiki ya kwanza na ya tatu, mara nyingi wiki ya pili, anaanza kutapika, kulegea na kupungua uzito. Sodiamu inashuka, potasiamu inapanda. Kwenye kituo cha afya anatibiwa kama mtoto wa kuhara na kutapika, kwa sababu faili linasema mtoto wa kiume, uzazi wa kawaida, na hakuna lolote la kushuku. Bila haidrokotisoni, dawa inayoshika nafasi ya kotisoli, na chumvi anaweza kufa, na atazikwa kama mtoto wa kiume aliyekufa kwa kuhara na kutapika.

Alama ya kuuliza ingemzuia kuondoka wodini. Kwa hiyo tunasisitiza kanuni hii iingizwe kwenye programu yenyewe, si kwenye bango la ukutani: mtoto aliyeandikwa Me huku uchunguzi ukionyesha kwamba korodani zote mbili hazipapasiki, skrini isikubali kufunga ruhusa ya kwenda nyumbani kabla daktari hajathibitisha. Vivyo hivyo kwa uume ulionyoshwa wenye urefu chini ya sentimita 2.5 kwa mtoto aliyetimiza miezi, tundu la mkojo lililo chini pamoja na korodani isiyopapasika, au kinembe kilichokua kupita kawaida.

Kinachoandikwa kiwe ni kile kilichoonekana, wala kisiwe hitimisho. Urefu kwa milimita. Matundu mangapi na yako wapi. Tezi iliyopapasika kulia, kushoto, au hakuna. Rangi ya ngozi ya sehemu za siri, kwa kuwa weusi uliozidi ni dalili mojawapo ya CAH. Kipimo cha 17-OHP, homoni inayopanda kwa mwenye CAH, kichukuliwe baada ya saa 48; kikichukuliwa mapema zaidi huwa juu hata kwa mtoto mzima wa afya, kwa hiyo saa ya kuzaliwa na saa ya kuchukua damu zote mbili lazima ziwe kwenye ombi. Sodiamu, potasiamu na sukari zirudiwe, kwa sababu majibu ya siku ya pili yanaweza kuwa mazuri kabisa na yakamlaghai kila mtu. Ultrasaundi itafute mji wa mimba. Kipimo cha kromosomu kitatumwa mbali na kitachelewa. Mfumo uoneshe kuwa kinasubiriwa, kiko wapi, na nani atapigiwa simu.

Viungo vya mfumo unaofaa

Mradi wa HL7 wa kupatanisha data za jinsi na jinsia umefika pa kutenganisha mambo matano: jinsia ya mtu kama anavyojitambua, jinsi kama ilivyoandikwa kwenye hati fulani, jinsi ya kutumika kitabibu kwa kazi fulani, jina la kumwitia, na viwakilishi vyake. Hicho cha tano, Kiswahili hakikihitaji. "Yeye" ni yeye, na kiambishi "a-" hakiulizi. Lakini tuna letu: kwenye kliniki zetu mtu haitwi kwa jina tupu, huitwa Mama Fulani, Baba Fulani, Bwana, Bibi, Binti, Kijana. Karani anayeita kwa sauti kwenye benchi la watu arobaini anaweza kumfedhehesha mtu kwa neno moja la heshima lisilo mahali pake. Sehemu ya "namna ya kumwita" ni ya thamani kubwa kwetu kuliko sehemu ya viwakilishi, na ni nafuu kuijenga.

Kilicho muhimu kuliko vyote kwa mtoto kama A ni kutenganisha la pili na la tatu. Jinsi ya kwenye hati ihifadhiwe pamoja na jina la hati, tarehe yake na aliyeitoa. Mtu mmoja anaweza kuwa na hati mbili zinazopingana na zote zikawa kumbukumbu za kweli. Jinsi ya kutumika kitabibu ifungamane na ombi husika, na iwe na thamani nne: kama kawaida ya kike, kama kawaida ya kiume, kuna maelezo maalumu, haijulikani. Ikiwa "kuna maelezo maalumu", maelezo yenyewe yawepo: viwango gani vitumike, na kwa nini.

Umuhimu wake hauishii kwa watoto. Mwaka 2019 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha kisa cha mwanamume wa miaka 32 nchini Marekani aliyefika idara ya dharura na maumivu makali ya tumbo. Faili lilimwandika mwanamume. Alikuwa amezaliwa na maumbile ya kike, alimweleza muuguzi hivyo, na akasema kipimo cha mimba alichojipima nyumbani kilionyesha ana mimba. Hata hivyo hali yake haikupewa uharaka. Saa kadhaa zilipita kabla daktari hajagundua kamba ya kitovu cha mtoto imetangulia. Mtoto alizaliwa mfu. Faili halikusema uongo kuhusu alivyo mtu huyo katika maisha yake. Lilijibu swali moja, nalo likatumiwa kujibu lingine.

Sasa utekelezaji. OpenMRS, programu ya kumbukumbu za wagonjwa iliyoanza kutumika Eldoret chini ya mpango wa afya wa AMPATH mwaka 2006 na ambayo ndiyo msingi wa KenyaEMR, mfumo wa faili za wagonjwa wa Kenya, huweka jinsi kwenye safu moja ya jedwali la mtu. Ukiibadilisha, thamani ya zamani inafutika. Kinachobaki ni nani amebadilisha na lini, bila kujua ilikuwa nini. Kwa hiyo uamuzi wa kitabibu usikae hapo. Uwekwe kama uchunguzi, yaani kwenye jedwali la obs, ambako kila rekodi ina tarehe na mwandishi, na ambako kusahihisha hakufuti: rekodi ya zamani hubatilishwa, mpya huundwa, na mpya huelekeza nyuma kwa ile iliyotangulia. Tengeneza dhana zifuatazo, yaani aina za taarifa zitakazojazwa: maumbile yaliyoonekana, sababu ya shaka, uamuzi wa muda, tarehe ya kupitia upya, aliyeamua. Tarehe ya kupitia upya iwe ya lazima. "?" isiyo na tarehe hiyo ndiyo iliyokaa miaka kwenye karatasi ya Mtoto A.

Majibu ya maabara yaliyotolewa kabla ya uamuzi kubadilika yabaki na viwango vilivyotumika siku ile. Programu inayokokotoa upya majibu ya zamani kimya kimya kila jinsi inapobadilishwa inaghushi historia, hata kama haikukusudia.

Chati mbili kwa mtoto mmoja

Viwango vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani (WHO) vya mwaka 2006 vina chati ya wavulana na ya wasichana. Programu isipopata jinsi, huacha mahali pa uzito kwa umri patupu, au hutumia ya wavulana. Chukua mtoto wa miezi 12 mwenye kilo 7.4. Mstari wa mikengeuko sanifu miwili chini ya wastani, ambao chini yake mtoto huhesabiwa kuwa na uzito pungufu, kwa umri huo ni kilo 7.7 kwa mvulana na 7.0 kwa msichana. Kwa chati moja ana uzito pungufu, kwa nyingine hana. Herufi moja inaamua kama ataingizwa kwenye ufuatiliaji wa lishe.

Suluhisho ni rahisi na halihitaji kuijua jinsi: kokotoa kwa chati zote mbili, onyesha zote, na kwa uamuzi wa kumhudumia fuata ile inayomlinda mtoto. Kwa utapiamlo mkali tumia pia mzingo wa mkono, MUAC, ambao kwa watoto wa miezi 6 hadi 59 una kikomo cha milimita 115 kwa wote, wa kike na wa kiume.

Kwa wasomaji wa Pwani hesabu hii haitakuwa ngeni. Fiqhi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, ilikwisha kukutana na khuntha mushkil, yule ambaye hali yake haijabainika, katika mirathi. Kwa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Pwani, haamuliwi kwa kukisia. Hesabu hufanywa mara mbili, kila mrithi hupewa kiasi kilicho cha yakini, na kilichobaki husimamishwa hadi hali ibainike au warithi wasuluhishane. Marehemu akiacha mtoto wa kiume mmoja na huntha mmoja, wa kiume hupewa nusu, huntha theluthi, na sudusi moja, yaani sehemu ya sita, huwekwa kando. Shaka ikaandikwa, ikapewa hesabu yake, na haki ya mtu haikungoja. Ni mantiki ile ile ya chati mbili.

Ripoti ya mwezi na siri ya wodi

Mahali ambapo "?" hufutwa mara nyingi ni kwenye dawati la takwimu, mbali na kitanda. Kenya ilieneza DHIS2, mfumo wa kukusanya ripoti za vituo vya afya, nchi nzima mwaka 2011, na ripoti nyingi za aina hii hugawa kwa wa kike na wa kiume. Tuseme wodi ina waliozaliwa hai 312, wa kiume 158, wa kike 153. Jumla hailingani. Kanuni ya uhakiki inawaka nyekundu, tarehe ya mwisho ya kutuma imefika, na karani anampeleka mtoto mmoja upande mmoja ili rangi itoweke. Wiki iliyofuata mtu anaona tofauti kati ya ripoti na faili, naye "anasahihisha" faili. Kanuni ibadilishwe iruhusu jumla kuwa kubwa kuliko hizo mbili, na kuwe na mstari wa "haijaamuliwa". Lakini mstari huo usionekane kwa ngazi ya zahanati. Mtoto 1 katika kata inayojulikana, mwezi unaojulikana, hana tena siri. Hesabu hiyo ianze kuonekana kwenye ngazi ya kaunti au ya taifa.

Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaiweka jinsi ya mtu, pamoja na hali yake ya afya, kwenye data nyeti. Kwa vitendo maana yake ni kwamba neno "huntha" lisiwe kwenye jalada la faili, kwenye bangili ya mkono, kwenye ubao wa wodi wala kwenye orodha ya kusubiri skani. Bangili ibebe nambari na jina la mama. Uchunguzi wa maumbile ufunguliwe na wanaomtibu tu, na kila aliyeufungua aandikwe kwenye kumbukumbu za mfumo. Picha zisipigwe kwa simu ya mtu binafsi. Wanafunzi wa udaktari wasiitwe kuja kutazama kwa kuwa ni "kesi nadra". Mama aliyetoka kujifungua anaona kila kitu, na anachokiona siku ile ndicho kitakachoamua kama atarudi kliniki.

Familia nayo inasubiri neno. Wakikuyu walipiga vigelegele vitano kwa mvulana na vitatu kwa msichana. Jamii nyingine zina namna zao, lakini swali la kwanza mlangoni ni lile lile. Daktari aeleze wazi kwamba mtoto ana hali inayohitaji siku kadhaa za vipimo, awape tarehe, na awashauri wachague jina linalofaa kwa wote. Tarehe aliyowapa wazazi na tarehe ya kupitia upya iliyo kwenye mfumo ziwe moja.

Uamuzi ukifika, unaandikwa na timu, pamoja na wazazi, na sababu zake. Upasuaji ni jambo jingine kabisa na usichukuliwe kama hatua inayofuata yenyewe: Sheria ya Watoto ya 2022 inazuia kubadilisha au kuondoa viungo vya mtoto huntha isipokuwa kwa ushauri wa daktari wa jenetiki. Programu isiweke ombi la upasuaji kwenye orodha ya mapendekezo kwa sababu tu jinsi imejazwa.

Inabaki hazina ya karatasi za zamani ambazo sasa zinaingizwa kwenye kompyuta. Makarani watakutana na "?" humo, na maelekezo wanayopewa kwa kawaida ni kujaza kila safu. Wapewe maelekezo tofauti kwa alama hii peke yake: wasiibadilishe, waichape kama ilivyo kwenye sehemu ya jinsi ya hati, waandike tarehe ya karatasi, na faili liende kwenye foleni ya daktari. Baadhi ya waliokuwa watoto wachanga kwenye karatasi hizo wamekwisha kuwa watu wazima. Foleni hiyo haimalizwi kwa kuchagua Me au Ke ofisini. Inamalizwa kwa kumtafuta mtu mwenyewe, kwa siri, na kumwuliza kama anataka jambo lolote liandikwe.